Kamera Iliyokufa Mwezi wa Saba: Kisa cha Nyumba Moja ya Goba

Kisa hiki kinahusu nyumba ya mwalimu mstaafu wa jiografia aliyejenga Goba, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, ambaye aliibiwa pampu ya maji usiku mmoja wa mwezi Julai mbele ya kamera aliyokuwa ameinunua miezi saba kabla kwa kazi hiyo hiyo ya kuzuia wizi. Niliitwa na mwanawe anayeishi Mwanza, ambaye alikwisha amini kwamba mama yake ameuziwa kamera feki, na alichotaka kwangu ni orodha ya vifaa vipya, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Orodha hiyo sikuitoa kwa wiki mbili, na ndiyo maana mwanawe aliniona fundi mzito.

Nyumba inatazama kusini. Kutoka ukingo wa baraza hadi getini nilipima kwa futikamba nikapata mita 16. Simtanki na pampu viko upande wa magharibi, na nyuma, yaani kaskazini, kuna uwanja mdogo wa kuanikia nguo ambao ukuta wake unapakana na uani kwa jirani. Ruta ya intaneti ilikuwa sebuleni, nyuma ya televisheni. Kamera yenyewe, ya betri na paneli ndogo ya sola iliyoungana nayo, ilifungwa chini ya upenu wa baraza, juu kabisa, kwa hoja kwamba hapo mwizi hataifikia. Hoja hiyo haikuwa mbaya. Kasoro ni kwamba ilikuwa hoja pekee iliyotumika.

Video ya usiku ule ilikuwa ya sekunde nane. Inaanza mwanamume akiwa tayari ameufikia mlango mdogo wa geti, mgongo kwetu, na pampu begani. Anafungua komeo, anageuka nusu, anatoka. Saa iliyoandikwa pembeni ni 07:46, lakini nje ni giza totoro. Askari aliyeitazama wakati Mwalimu anafungua RB, yaani kumbukumbu ya kuripoti kosa polisi, aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ni giza gani hilo la saa moja na dakika arobaini na sita asubuhi? Jibu nililipata baadaye nilipofungua mipangilio ya kamera, ambayo haikuwahi kuguswa tangu itoke kiwandani, kwa hiyo ilikuwa ikihesabu saa za China, ambazo ziko mbele ya saa zetu kwa saa tano. Tukio lilikuwa la saa nane na dakika arobaini na sita usiku. Jambo hili linaonekana dogo, lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa, na video inayodai kwamba Dar es Salaam ina usiku wa manane saa moja asubuhi inaanza safari hiyo ikichechemea.

Mwanawe aliniomba nitafute kamera yenye picha safi zaidi. Nilimwomba kwanza tupige hesabu pamoja. Lenzi ya kamera ile ilikuwa na upana wa kuona wa nyuzi 90 hivi, na kwa lenzi ya namna hiyo upana wa eneo linaloonekana ni mara mbili ya umbali. Kwa hiyo getini, mita 16 kutoka barazani, picha ilitandaa juu ya mita 32. Picha ina pikseli, yaani nukta zinazoijenga, 1920 kwa upana, maana yake ni pikseli 60 kwa kila mita, na uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 16 hivi, unabakiwa na pikseli zisizozidi kumi. Kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4 kinataka takriban pikseli 25 kwa mita ili kujua tu kwamba kuna mtu, 125 ili kumtambua unayemfahamu, na 250 ili kuthibitisha sura ya mtu usiyemjua. Hata tungenunua kamera ya megapikseli 8, yenye pikseli 3840 kwa upana, kutoka barazani tungepata 120 kwa mita, ambazo bado hazifikii nusu ya kinachohitajika. Kamera ile ile ya zamani ikiwekwa mita 3 kutoka mlango mdogo inatoa 320. Kwa maneno mengine, fedha aliyotaka kuitumia kwenye lenzi ilipaswa kutumika kwenye mahali.

Hata hivyo swali lililonisumbua lilikuwa la betri. Programu ya simu ilionyesha kwamba jioni ya siku ya wizi chaji ilikuwa asilimia 7, na kabla ya alfajiri kamera ilikuwa imezimika. Mwalimu aliniambia kwamba Desemba, ilipofungwa, haikuwahi kushuka chini ya 90, kwamba mwezi wa nne ilianza kulegea akadhani ni mawingu ya masika, na kwamba masika yalipokwisha haikuinuka. Nilipanda ngazi saa sita mchana, mwezi Julai, jua likiwaka, nikagusa paneli kwa kiganja. Ilikuwa ya baridi kabisa, wakati bati lililo nusu mita juu yake lilikuwa halishikiki.

“Mwalimu,” nikasema nikiwa juu ya ngazi, “jua liko upande gani wa nyumba?”

Alitoka barazani, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kivuli cha nyumba kilivyolala kuelekea getini. Kisha akacheka kwa uchungu. “Miaka thelathini na moja nimefundisha jambo hili, mwanangu. Miaka thelathini na moja.”

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la utosi tunalipata mara mbili tu kwa mwaka, mapema Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Desemba jua la mchana hukaa upande wa kusini, na kwa hiyo paneli iliyofungwa upenuni kusini ilikuwa ikioga mwanga siku nzima na kumpa kila mtu matumaini. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua linachomoza, linapita na kutua upande wa kaskazini. Mwezi Juni adhuhuri liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Ukuta unaotazama kusini hauguswi na jua lenyewe hata dakika moja katika miezi hiyo sita, na mwanga wa anga peke yake huchaji kidogo mno. Kamera haikuwa feki. Iliwekwa kivulini kwa nusu mwaka, na aliyeifunga aliijaribu katika nusu nyingine.

Upande wa matumizi nao ulikuwa mbovu. Kamera za betri haziko macho muda wote; zinalala, na sensa ndogo inayohisi mabadiliko ya joto mbele yake ndiyo inayoziamsha. Kwa kuwa hii ilikuwa juu ya baraza wanakocheza wajukuu na kupita kuku, kumbukumbu za Jumamosi moja zilionyesha kwamba iliamshwa mara 117, na kila mara ilibidi iwashe redio na kusukuma video kwenye waifai dhaifu iliyopita kuta tatu za matofali ya saruji. Zaidi ya hayo, sensa za aina hii humwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia au kuondoka kwa mstari ulionyooka, na njia ya kutoka barazani hadi getini ni mstari ulionyooka kutoka kwenye lenzi. Joto la mchana wa Februari linaongeza shida, kwa sababu ukuta na ardhi vinapokaribia joto la mwili wa mtu, sensa inakosa tofauti ya kushika. Usiku wa Julai haikuwa sababu, lakini niliihesabu kwa ajili ya miezi ijayo.

Wakati huo mwanawe alikuwa ameshapata mapendekezo mawili kutoka maduka ya Kariakoo. La kwanza lilikuwa seti ya kamera nne zinazotuma picha bila waya kwenye kinasa kimoja cha ndani. La pili lilikuwa kamera nne za sola zinazotumia laini ya simu, kila moja na laini yake. Mimi nilipendekeza la tatu, kamera zinazotumia waya pekee, ambazo kwa maoni yangu bado ndizo bora kwa mtu anayejenga. Lakini Mwalimu alikuwa amemaliza kupiga rangi mwezi wa tano, na aliniambia kwa heshima kubwa kwamba fundi mwingine hatatoboa ukuta wake. Nilikubali na sikulirudia.

Neno “bila waya” ndilo linalowapotosha wanunuzi wengi. Katika seti ile ya kwanza, kisichohitaji waya ni picha tu; kila kamera inahitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye adapta, na adapta inahitaji soketi. Mwanawe alidhani kamera nne zitaning'inia ukutani kama saa. Kwa upande wa pili, kamera za laini hazina kosa, na kwenye shamba lisilo na umeme wala ruta ningezichukua bila kusita. Lakini hapa zingemaanisha laini nne za kusajiliwa kwa alama za vidole vya Mwalimu na bando nne za kukumbuka kila mwezi. Kwa bajeti ya shilingi milioni 1.2 gharama ya kununua ilitosha, ila gharama ya kuziweka hai ingemwangukia mtu anayeishi kwa pensheni.

Kwa hiyo nikazunguka kiwanja nikitafuta kitu kimoja: mahali ambapo umeme umeshafika. Pampu inatumia umeme, kwa hiyo upande wa magharibi kulikuwa na soketi ya nje. Nguzo za geti zilikuwa na taa, kwa hiyo hata mita 16 kutoka nyumbani waya ulikuwepo chini ya vitofali vya uani, ukisubiri. Tatizo la taa za geti ni kwamba swichi yake iko sebuleni na Mwalimu huizima kila alfajiri baada ya kuswali; kamera ingekuwa inakufa pamoja na taa. Bahati njema fundi umeme wa kwanza alikuwa amepitisha waya wa akiba ndani ya paipu ile ile, na fundi umeme tuliyemwita aliuunganisha moja kwa moja, taa zikabaki na swichi yake. Uani nyuma pekee ndiko hakukuwa na umeme wa kushika kwa urahisi.

Hapo idadi ikashuka kutoka nne hadi tatu, na aina zikachanganyika. Getini na kwenye pampu tuliweka kamera za waifai zinazotumia umeme, ambazo kwa kuwa hazilali, hurekodi mfululizo na haziko chini ya huruma ya sensa. Ya getini niliipatia UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12: kamera inatumia karibu wati 5, betri ina wati-saa 40, na ingawa karatasi inasema saa 8, nilimwambia Mwalimu ahesabu 6. Ruta nayo ilipata UPS yake, maana kamera iliyo hai na ruta iliyokufa haziwezi kumwarifu mtu. Ya kwenye pampu tuliiacha bila akiba. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku, inazimika. Hilo lilikubaliwa mezani kwa kauli wazi.

Nyuma tuliweka kamera ya betri na sola, na hapo mwanawe akataka kurudia kosa la kwanza kwa kuligeuza. Alisema kwa simu, kwa furaha ya mtu aliyeelewa somo, kwamba upande wa nyuma unatazama kaskazini, basi paneli ikae upenuni huko na mambo yameisha. Ingekuwa sawa hadi Oktoba. Kuanzia tarehe 10 hivi ya mwezi huo hadi mapema Machi, upenu wa kaskazini ndio unaobaki kivulini. Nilichagua kamera ambayo paneli yake inatengana nayo kwa waya wa mita 3, paneli ikapandishwa juu ya bati, ikainamishwa kidogo kuelekea kaskazini, kiasi cha maji ya mvua kuteremka na vumbi lake bila kuipotezea jua la Desemba. Kamera yenyewe ilibaki chini, ikitazama kwa kukatiza njia ya mtu anayeruka ukuta, si kumkabili.

Waifai haikuhitaji kifaa kipya. Tuliitoa ruta nyuma ya televisheni tukaiweka juu ya kabati la korido, karibu na dirisha la mbele, na nguvu ya mawimbi getini kwenye gigahezi 2.4 ikapanda kutoka desibeli hasi 82 hadi hasi 63. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi lakini hudhoofika haraka yakikutana na saruji, na kwa kamera ya nje hayana faida ya kutosha.

Kuhusu kuhifadhi, kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku, hivyo kadi ya gigabaiti 128 inatosha karibu siku sita kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kupeleka yote hayo kwenye intaneti ni kuchoma bando. Tulipanga vipande vya matukio tu ndivyo vitumwe huko, kwa sababu mwizi akiing'oa kamera ya getini anaondoka na kadi yake. Mwanawe alielezwa kwamba kila saa anayokaa Mwanza akitazama uani kwa mama yake kwa megabiti 1 inakula megabaiti 450 za bando la nyumbani. Amepunguza kutazama. Kadi nilizijaza hadi mwisho kabla ya kuzifunga, kwa sababu madukani zipo kadi zinazojiita 128 na ndani yake hazifiki hata robo.

Kamera zote tatu zina alama ya IP66, yaani vumbi halipenyi na maji ya kurushwa kwa nguvu hayaingii. Alama hiyo ni ya mwili wa kamera. Mkia wake wa waya, wenye viungio vya plastiki vinavyoning'inia nje, haumo katika ahadi hiyo, na kamera nyingi ninazoitiwa baada ya mvua za vuli zimekufa kwa kutu ya hapo hapo. Kila mkia ulifichwa ndani ya kisanduku, na waya ukapewa kitanzi cha kushuka chini ili tone lidondoke kabla ya kuingia.

Kabla ya kuwasha ya nyuma, Mwalimu alikwenda mwenyewe kwa jirani na simu mkononi akamwonyesha kinachoonekana. Katika picha ya kwanza mlango wa bafu la nje la jirani ulikuwa unaonekana, kona ya kulia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Lakini jirani hakuhitaji kutajiwa ibara ili akasirike. Tuliizungusha kamera kidogo, na kipande kilichobaki tukakifunika kwa kivuli cheusi ndani ya programu. Mwanawe alitaka pia kamera ya nne mlango wa jikoni, anakofanyia kazi dada wa nyumbani. Mwalimu alikataa kwa neno moja.

Nywila za kiwandani zilibadilishwa zote siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa kwa maelfu kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na duka lililomuuzia Mwalimu kamera ya kwanza lilikuwa limemwachia ile ile.

Jaribio la mwisho lilifanywa usiku. Msaidizi wangu alivaa kofia ya kapelo, akabeba ndoo begani, akapita mlango mdogo mara sita. Kamera ya getini nilikuwa nimeifunga mita 3.6 kutoka chini, kwa mazoea yale yale ya kuogopa isifikiwe, na mara zote sita nilichokipata ni picha safi sana ya kapelo. Niliishusha hadi mita 2.3. Kuanzia mara ya saba uso ulionekana hadi kovu la nyusi. Ndiyo, sasa inafikika kwa mkono. Lakini anayeufikisha mkono huo anakuwa ameshautoa uso wake.

Buibui ndio waliobaki adui. Taa za infraredi za usiku huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi hugeuka kuwa moshi mweupe kwenye picha. Mwalimu anapitisha ufagio wa nyuzi kila Ijumaa.

Kamera ya zamani sikuitupa. Niliiacha pale pale upenuni kusini, imezimika, nikamwomba asiiguse. Nilipopita Desemba kukagua, betri ya nyuma ilisoma asilimia 94, nami nikafungua kidirisha cha ile ya zamani kwa udadisi tu. Ilikuwa hewani, asilimia 100, ikirekodi wajukuu.

“Kumbe tuliitukana bure,” Mwalimu alisema, akachukua kalamu, akaenda kwenye kalenda ya mwaka mpya iliyokuwa bado imekunjwa mezani, akaandika kwenye wiki ya mwisho ya Machi: kamera ya baraza ihame.